Tarehe Chini ya Mifuniko

Fundi bomba wa chuo ana umri wa miaka hamsini na minane, goti moja bovu, na mfuko wa turubai ambamo, pamoja na spana mbili, bisibisi na tepu nyeupe, hukosi kukuta ndala. Si za kuvaa. Nyingi hazina kamba, na ni nadra kupata mbili zinazofanana. Huziokota bwenini kila muhula unapokwisha, wanafunzi wakishaondoka na kuacha nyuma wasichokitaka: daftari, ndoo zilizopasuka, na ndala za mguu mmoja mmoja. Wafagizi wamezoea. Wakikuta ndala huitupa pembeni mwa ngazi, na kila mwaka mmoja wao humwambia, "Mjomba, mzigo wako umefika."

Kutokana na ndala hizo hukata vipira vya mviringo, vidogo kama kifungo cha koti, vinavyokaa ndani ya koki na ndani ya matangi ya choo ili maji yasipite. Kipira cha dukani ni bora zaidi, na yeye mwenyewe husema hivyo, ila stoo ya chuo huwa inavyo mwezi mmoja kati ya mitatu. Miezi miwili iliyobaki hutumia ndala. Huikunja kwa vidole na kuiachia. Ikirudi upesi, inafaa. Ikibaki imekunjika, inarudi pembeni mwa ngazi.

Mkasi anaokatia ni wa mkewe, ambaye ni mshonaji. Suala la mkasi huo lina umri wa ndoa yao.

Aliingia chuoni miaka ishirini na sita iliyopita kama kibarua wa kuchimba mtaro. Mtaro ulipofukiwa wenzake waliondoka. Yeye alibaki amesimama karibu na fundi aliyekuwa akiunga mabomba, akimpa spana kabla hajaiomba. Fundi yule, ambaye sasa amestaafu, alimfundisha mambo mawili. La kwanza ni kuweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye bomba, asikie maji yanapopita mahali yasipotakiwa. La pili ni kuandika. "Kila unapotengeneza kitu," alimwambia, "andika tarehe hapohapo. Ukiandika kwenye daftari, daftari litapotea. Tangi la choo halipotei."

Kwa hiyo huandika chini ya mfuniko wa tangi. Upande ule haukupakwa rangi ing'aayo kama upande wa juu, penseli ya seremala inashika vizuri, na unyevu hauifuti. Huandika siku, mwezi, mwaka, kisha herufi moja: D kwa kipira cha dukani, N kwa ndala. Akiwa na nafasi huongeza rangi ya ndala, maana anaamini za bluu hudumu kuliko nyekundu. Chuo kina matangi ya choo mia na kumi na mawili, na hadi mwaka huu hakuna mtu mwingine aliyewahi kugeuza mfuniko hata mmoja kusoma.

Na ilikuwa heri wasisome, kwa sababu ya fomu. Idara ya majengo ina sheria kwamba hakuna tengenezo bila fomu, na fomu haina kazi bila sahihi tatu: ya msimamizi wa bweni, ya mkuu wa idara na ya mtunza stoo. Inapita kwa mmoja mmoja, na mara nyingi hurudi ikiwa imeandikwa "Subiri". Fundi ana barua moja ya onyo kwenye faili lake, aliyoipata kwa kuziba bomba lililopasuka Jumapili bila fomu. Tangu siku hiyo kazi kubwa anazijazia fomu. Ndogo anazifanya na kunyamaza.

Wanafunzi wawili waliomtoa kwenye unyamavu huo ni wa mwaka wa mwisho, wanaosomea mazingira. Msichana anaitwa Asilimia, jina alilopewa na wenzake kwa sababu hawezi kusema chakula kimepoa bila kueleza kimepoa kwa kiasi gani. Mvulana anaitwa Mtangazaji. Ana sauti nzito ya kupendeza, na kila tangazo la chuo linalosomwa kwa kipaza sauti analisoma yeye. Mradi wao wa mwisho ulikuwa matumizi ya maji katika bweni kubwa, lenye ghorofa nne na vyoo sita kila ghorofa. Mhadhiri wao, mwanamama asiyecheka darasani, aliazima mita nne za maji, na fundi akazifunga moja kila ghorofa. Kwa kazi hiyo fomu ilisainiwa siku moja, kwa vile mhadhiri aliipeleka mwenyewe, mlango kwa mlango, akasimama hapo hadi wino ukakauka.

Walisoma mita kila asubuhi saa kumi na mbili. Wiki mbili za mwanzo hawakugusa kitu. Kisha, kwa siku moja, walibandika stika juu ya kila koki na kila tangi la bweni zima: "Funga koki vizuri. Maji ni ya wote." Wakaendelea kusoma mita wiki sita nyingine. Matumizi yakashuka kwa asilimia thelathini na moja. Mhadhiri akawapeleka kwenye kongamano la kila mwaka la matumizi endelevu, ambalo safari hii chuo kilikuwa mwenyeji, wakapewa dakika kumi za kuwasilisha na tano za maswali. Uwasilishaji huo ndio uliokuwa mtihani wao wa mradi. Ukipita, wanahitimu. Ukikataliwa, wanarudia mradi mwaka mzima.

Siku moja kabla ya kongamano, saa nne asubuhi, walikuwa wakifanya mazoezi katika ukumbi mdogo. Fundi alikuwa akitengeneza sinki lililoko nyuma ya ukumbi huo. Mtangazaji alimwita.

"Mjomba, njoo ukae hapa safu ya tatu. Uwe watu."

"Watu wangapi?"

"Mia mbili. Na wengine uwafanye wazee, wasinzie kidogo."

Fundi akaketi na spana yake mapajani. Mtangazaji alisoma vizuri. Picha ukutani ilionyesha mistari minne, mmoja kwa kila ghorofa, na fundi, ambaye hajawahi kusoma grafu lakini amesoma mita maisha yake yote, aliielewa bila kuelezwa. Mstari wa ghorofa ya kwanza ulienda sawa, ukashuka kidogo siku ya stika, ukaenda tena sawa, kisha ukaporomoka ghafla kama mtu aliyekosea kukanyaga ngazi. Chini ya mahali hapo paliandikwa tarehe. Ilikuwa Jumanne. Ghorofa ya pili iliporomoka Jumanne iliyofuata. Ya tatu, Jumanne baada ya hapo. Ya nne haikuporomoka kabisa.

"Ghorofa ya nne," Mtangazaji alisoma, "haikuitikia ujumbe. Tunakisia kuwa wakazi wake, ambao wengi ni wa mwaka wa mwisho, wana tabia zilizokwisha kukomaa na ngumu kubadilika." Akainua macho. "Lakini mimi nakaa ghorofa ya nne."

"Ndiyo maana nimeandika ngumu," alisema Asilimia.

Fundi alikuwa ametazama zile Jumanne tatu. Jumanne ndiyo siku yake ya bweni kubwa.

"Mjomba, umeonaje?" Mtangazaji aliuliza walipomaliza.

"Sauti inafika," alijibu fundi, akasimama, akarudi kwenye sinki. Alikaza nati ileile mara tatu kabla ya kugundua kwamba ilikuwa imekwisha kukaza.

Kilichotokea kilikuwa hiki. Siku chache baada ya stika kubandikwa alipanda hadi ghorofa ya nne kuangalia mita, na chini ya stika ya koki ya kwanza akakuta mtu ameandika kwa kalamu neno moja: "Haifungiki." Alijaribu koki. Kweli ilikuwa haifungiki. Unaizungusha hadi mwisho, na maji yanaendelea kutoka kama uzi. Fundi alisimama hapo akitazama amri ya kufunga na koki isiyofungika, akaona aibu, kwa sababu kati ya watu wote wa chuo kile mwenye koki alikuwa yeye. Hakujaza fomu. Alianza kutengeneza bweni zima kwa ndala, Jumanne moja ghorofa moja. Alianzia chini kwa ajili ya goti. Alipomaliza ya tatu, ndala nzuri zikamwishia. Ya nne, iliyomtia aibu, ndiyo iliyobaki bila kuguswa.

Anaishi dakika kumi kutoka chuoni, na mchana hula nyumbani. Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, akishona mashati ya sare. Fundi alieleza yote huku chakula kikipoa.

"Kwa hiyo watoto wanasema ni karatasi zao," alisema mkewe.

"Wanaamini ni karatasi."

"Na ni ndala zako."

"Ndala na mkasi wako."

"Mkasi wangu usiutaje. Juzi nimekata kola nao, ikanuka ndala, mteja kanusa shingo yake mwenyewe." Akasimamisha cherehani. "Sasa unataka kunyamaza?"

"Nikisema, wanafeli. Kazi ya miezi miwili, wanaamka alfajiri kusoma mita, hata mvua ikinyesha. Nimewaona. Na mkuu wa majengo atakuwa safu ya mbele kesho."

"Usiposema?"

Fundi alivuta sahani yake.

"Mume wangu, wewe tukialikwa harusini unakwenda kuchungulia choo cha watu. Koki ikidondosha nyumba ya tatu hulali. Hili utalilalia vipi?" Alikata uzi kwa meno, kwa kuwa mkasi haukuwepo mahali pake. "Waambie leo, wakiwa wawili. Usingoje wakaja kuambiwa na mtu mwingine wakiwa mbele ya ukumbi. Na ukitoka urudishe mkasi."

Saa nane kasoro fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi mdogo. Aliwaambia kwa mpangilio, kama mtu anayeeleza bomba limepita wapi: Jumanne ya kwanza ghorofa ya kwanza, matangi sita na koki nane, Jumanne ya pili hivyohivyo, Jumanne ya tatu hivyohivyo, ndala zikaisha.

Mtangazaji akasema polepole, "Kwa hiyo mimi si mkaidi."

"Nyamaza kwanza," alisema Asilimia. Alikuwa amegeukia ukutani, akitazama zile ngazi tatu za grafu. "Niliziona. Nilijua watu hawabadiliki wote usiku mmoja. Nikajiambia labda walikuwa na kikao cha ghorofa." Akamgeukia fundi. "Mjomba, kwa nini hukutuambia?"

"Hamkuniuliza, binti. Na mimi sikujua kwamba mnachopima ni mimi."

Mtangazaji alifunga mlango. "Hili tunalijua watatu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Nauliza tu. Tukiendelea kama ilivyo?"

"Kesho mtu akiuliza kwa nini zote zimeshuka Jumanne, utamjibu nini?" aliuliza Asilimia.

"Nitamwambia Jumanne ni siku ya kufua."

"Kufua kunapunguza maji?"

Mtangazaji akafikiri. "Basi," alisema.

Asilimia alikaa juu ya meza. Alikuwa karibu kulia, ila alionekana pia akihesabu, na kuhesabu kulishinda. "Mhadhiri hatakubali maneno matupu. Akisikia takwimu zina shaka na hatuna cha kuonyesha, anatuondoa kwenye ratiba leo hii. Mjomba, una kumbukumbu yoyote? Fomu, daftari, kitu chenye tarehe?"

"Kumbukumbu ipo," alisema fundi. "Ila haiji ukumbini. Mnaifuata yenyewe."

Ilikuwa kazi ya saa tatu. Fundi alitangulia, akigonga milango ya vyoo kwa mpini wa spana na kutangaza, "Wenye nyumba, tunapita." Mfuniko wa tangi ni mzito kuliko unavyoonekana, na ukiudondosha haulipiki. Alimfundisha Mtangazaji kuuinua kwa viganja viwili, kuugeuza upande wa ukuta na kuuweka juu ya taulo. Asilimia alipiga picha na kusoma kwa sauti. Katika tangi la kwanza kulikuwa na tarehe tisa, moja chini ya nyingine, za miaka saba. Ya mwisho ilikuwa Jumanne ile, ikifuatiwa na N na neno "bluu".

"Hii N ni nini?"

"Ndala."

"Na D?"

"Ya dukani. Hiyo ilikaa miezi kumi na tisa. Angalia chini yake. Na hiyo nyekundu, miezi mitano, takataka."

Asilimia alitazama mfuniko, kisha akamtazama fundi kama mtu aliyekuwa akitafuta miwani na kuambiwa ameivaa. "Mjomba, hizi ni takwimu za miaka saba."

"Ni tarehe tu, binti."

"Matangi mangapi?"

"Humu? Ishirini na manne. Chuo kizima mia na kumi na mawili."

Msichana mmoja wa ghorofa ya pili, aliyekuja na mswaki mdomoni, aliwakuta watatu wameinamia mfuniko wa choo wakijadili kwa makini. Alisimama, akawatazama, akarudi alikotoka.

Ghorofa tatu za chini zilikuwa na Jumanne tatu, mifuniko kumi na minane, bila hata mmoja kupotoka. Kwenye ghorofa ya nne tarehe ya karibuni ilikuwa ya karibu miaka miwili iliyopita. Walikaa kwenye ngazi, fundi akinyoosha goti lake, na Asilimia akapiga hesabu upya. Baada ya ndala, ghorofa ya kwanza ilishuka kwa asilimia arobaini, ya pili thelathini na nane, ya tatu arobaini na mbili. Ya nne, yenye stika bila ndala, ilishuka kwa asilimia nne. Na zile tatu nazo, kabla ya Jumanne zao, zilikuwa zimeshuka kwa nne.

"Stika zetu," alisema, "ni asilimia nne."

"Nne si haba," fundi alimwambia. "Maji ni maji."

"Nilizichora mwenyewe zile stika," alisema Mtangazaji. "Niliweka hadi tone lenye macho."

Mhadhiri aliwasikiliza ofisini kwake saa kumi na moja, akiwa amesimama. Alitazama picha za mifuniko moja baada ya nyingine. Alipomaliza alimuuliza fundi swali moja tu: kama atakuwepo kesho. Fundi akasema atakuwepo.

"Kesho msimame na mlicho nacho," aliwaambia wanafunzi. "Nikiona mmekisema chote, nitakipima kama kilivyo. Nikiona mmeficha hata sentensi moja, tutaonana mwakani. Na muondoe ile aya ya tabia ngumu. Mmewasingizia watu."

Kesho yake ukumbi mkubwa ulijaa. Mkuu wa idara ya majengo, mtu mrefu anayetembea na kalamu tatu mfukoni, alikuwa safu ya mbele kama ilivyotarajiwa. Fundi aliingia akiwa na shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na kifurushi kikubwa kilichofungwa kwa kitambaa cha mkewe. Alikibeba kama mtoto mchanga. Mlinzi wa mlangoni alitaka kujua ni nini.

"Mfuniko wa choo."

"Unapeleka wapi?"

"Kwenye kongamano."

Mlinzi alifikiri kidogo, akampisha.

Waliowatangulia walizungumzia taa za jua, na walizidisha dakika nne. Kisha Asilimia akapanda jukwaani.

"Tulikuwa tumeandaa jibu moja," alisema. "Jana saa nane mchana tuligundua kwamba si lenyewe. Tunaomba tuwaonyeshe jibu tulilokuwa nalo, jinsi lilivyovunjika, na lililobaki."

Watu waliokuwa wakitazama simu wakaacha. Alionyesha grafu ya mwanzo na ile asilimia thelathini na moja. Akaeleza walivyoamini ni stika. Kisha akampisha Mtangazaji, ambaye alisogeza kipaza sauti na kusema kwa sauti ile ya matangazo, "Katika rasimu yetu tuliwaita wakazi wa ghorofa ya nne watu wenye tabia ngumu. Kwa niaba ya kundi letu naomba radhi kwa wakazi wote wa ghorofa ya nne, nikiwemo mimi."

Ukumbi ulicheka. Fundi akaitwa. Alifungua kitambaa mbele ya watu wote, akageuza mfuniko, na kamera ndogo ikautupa ukutani mara ishirini ya ukubwa wake: mwandiko wa penseli, tarehe kumi na moja, herufi N na D, bluu, nyekundu, bluu. Asilimia alisoma Jumanne. Alionyesha mifuniko kumi na minane ikikubaliana na mita tatu, kisha mifuniko sita ya ghorofa ya nne. Alimaliza zikiwa zimebaki sekunde ishirini.

Profesa mmoja mgeni, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alitaka kujua mambo mawili kutoka kwa fundi. Ndala inadumu muda gani, na huichaguaje?

"Bluu nzuri, miezi minane," alisema fundi. Alikuwa amekisogelea kipaza sauti mno, akarudi nyuma. "Ya dukani ni zaidi ya mwaka. Sisemi ndala ni bora, mzee. Nasema ipo. Na kuchagua ni hivi." Akatoa mfukoni kipande cha ndala, akakikunja, akakiachia. Kikaruka. "Ikirudi upesi, chukua. Ikisitasita, iache."

Profesa aliandika. Ndipo mkuu wa majengo aliposimama.

"Swali langu ni fupi," alisema. "Matengenezo haya yalifanywa kwa fomu namba ngapi?"

Wafanyakazi waliokuwa nyuma ya ukumbi walitazama viatu vyao. Fundi alishika mfuniko kwa mikono miwili.

"Hayakuwa na fomu, mkuu."

"Hata moja?"

"Hata moja. Bweni zima. Isipokuwa ghorofa ya nne, ambayo sijaifanya."

Asilimia alikuwa amekwisha kusogea kwenye kompyuta. "Tuna slaidi moja ya akiba," alisema. "Tuliitengeneza asubuhi. Fomu thelathini za mwisho za bweni, kwa wastani, zilichukua siku kumi na sita kurudi. Ghorofa moja yenye vipira vilivyochakaa hupoteza lita elfu moja na mia tisa kwa siku. Kwa siku kumi na sita ni lita elfu thelathini na mia nne. Hiyo ni ghorofa moja, ikingoja fomu moja."

Mkuu aliitazama namba ile ukutani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuisoma. Akatoa kalamu moja kati ya tatu, akaandika kitu kwenye kiganja chake, akaketi.

Wakati wa chai mhadhiri aliwapita wanafunzi wake karibu na meza ya vikombe. "Imepita," alisema. "Badilisheni kichwa cha habari. Na hiyo mifuniko mingine themanini na minane msiiache." Mtangazaji anaapa kwamba alitabasamu. Asilimia anasema kulikuwa na uwezekano, ila mdogo.

Mkuu alimkuta fundi akifunga mfuniko wake ndani ya kitambaa. Fundi alijiandaa kupokea barua ya pili.

"Jumanne unafanya ghorofa ya nne?"

"Nikipata ndala, mkuu."

"Jaza fomu. Niletee mkononi, nitaisaini nikiwa nimesimama." Akasita. "Nina tatizo moja. Ndala inaandikwa wapi? Vifaa vya stoo, au vifaa vya nje?"

"Mimi ningeandika ndala tu, mkuu."

"Ndala jozi ngapi?"

"Hazina jozi."

Mkuu alifikiri. "Andika tatu," alisema. "Tutaona."

Jumanne, fundi alipanda ghorofa ya nne akiwa na fomu yenye sahihi tatu za siku moja, ambayo mkewe alikuwa amemshauri aiweke kwenye fremu. Mkewe pia alikuwa amempa mkasi wa zamani, butu, uwe wake moja kwa moja, na mpya akauficha. Mtangazaji alibeba mfuko. Asilimia alishika penseli, kwa kuwa aliomba, na fundi akamruhusu aandike tarehe kwenye mfuniko wa kwanza. Aliandika siku, mwezi, mwaka, N, bluu, na akaongeza saa na dakika, jambo ambalo fundi aliliona ni kupoteza penseli lakini hakusema.

Koki waliiacha hadi mwisho, ile iliyoandikiwa neno la kalamu chini ya stika yake yenye tone la macho. Fundi aliifungua, akatoa kipira kilicholiwa, akaweka kipya, akakaza. Mtangazaji aliizungusha mara moja kwa vidole viwili. Uzi wa maji ukakatika.

Asubuhi yake saa kumi na mbili Asilimia alikuta matumizi ya ghorofa hiyo yameshuka kwa asilimia arobaini na moja. Alipokwenda kunawa mikono aliona kwamba chini ya neno lile la kalamu, "Haifungiki", mtu alikuwa ameongeza, kwa wino uleule, "Jana imefungika. Nani kafanya?"

Naye akaandika chini yake kwa penseli ya seremala, akaweka na tarehe: "Inua mfuniko."